Dole Gumba la Baba Ukutani

DADA: Karibuni tena, wapendwa. Leo tumekaa jikoni kwa mama, hapa hapa Mbeya, na jiko la mkaa tumeliweka miguuni maana baridi ya Julai mnaijua. Mkisikia sufuria, ni mama huyo anapika. Kuongea amekataa, ila kasema tuongee anasikiliza.

MDOGO: Na mlango uko wazi.

DADA: Uko wazi, na upepo wote unaingia. Baba hakukubali hata siku moja jiko la mkaa liwake ndani na mlango umefungwa. Alikuwa anasema hewa inayoua haina rangi wala harufu, mtu anapitiwa usingizi basi. Arobaini yake imepita na bado hakuna anayeufunga.

MDOGO: Kwa wasiomjua, baba alikuwa Mzambia, Mbemba, mzaliwa wa Mufulira kwenye Ukanda wa Shaba. Injinia wa migodi. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1975 mambo ya kule yakaanza kuwa mazito, na miaka ya 1980 akapanda treni ya TAZARA kuja huku, na begi moja na mtarimbo.

DADA: Mtarimbo, ndani ya behewa la abiria!

MDOGO: Na ndani ya behewa hilo hilo alikuwemo mama, anarudi na vitenge vyake kutoka Nakonde, kule mpakani Zambia. Akampisha baba kiti apitishe lile chuma. Baba akamwambia, "Natotela sana, mukwai." Mama anasema hapo alielewa "sana" peke yake.

DADA: Sikia anavyocheka. Mama, sogea basi! Haya, hataki.

MDOGO: Dada, waeleze ule mtarimbo ulikuwa wa nini.

DADA: Wa kusikilizia mwamba. Baba akishuka mgodini, kabla mtu hajapiga sururu, anagonga paa na kuta. Jiwe lililo zima linalia kali, kama kengele. Lililoachia linalia zito, kama umegonga ngoma. Likilia hivyo, watu wanarudi nyuma, linaangushwa kwanza au linawekewa matimba, zile nguzo za mbao. Na kazi hiyo aliifanya Chunya zaidi ya miaka 20, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, duara kwa duara, yaani shimo kwa shimo.

MDOGO: Na nyumbani pia! Kila nyumba tuliyopanga aligonga kuta kabla ya kuuliza kodi. Mimi nikikohoa alikuwa ananigonga mgongoni kwa vidole viwili, kisha anatega sikio.

DADA: Halafu anamwambia mama, "Huyu mzima."

MDOGO: Sasa simulia ya Mufulira. Mimi sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

DADA: Nimeisikia mara moja. Nilikuwa kidato cha pili, tunachambua maharage, mimi na yeye. Akaanza mwenyewe, sijui nini kilimkumbusha. Kwamba usiku wa kuamkia 25 Septemba 1970, matope ya marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, yaliyokuwa yamelundikwa juu ya mgodi, yalizama yakamwagika mpaka chini walikokuwa watu wa zamu ya usiku. Walikufa watu 89. Yeye alikuwa kijana wa zamu ya mchana. Alfajiri alipofika getini alikuta wanawake wamekaa chini, kimya, na kila mmoja alimtazama usoni kwa sababu alikuwa amevaa kofia ya mgodi.

MDOGO: Mungu wangu.

DADA: Akanyamaza, akaendelea na maharage. Baadaye nikaja kujua kwamba kile kitivo cha migodi pale Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, kilianza 1973, naye akaenda kusoma. Nikaunganisha mwenyewe.

MDOGO: Ndiyo maana aliogopa maji hivyo.

DADA: Maji na marudio. Na kule Lupa, huko huko Chunya, dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920, ardhi ina mashimo ya zamani ambayo vijana wa leo hawayajui. Unachimba duara lako, kumbe ukutani kwa pili kuna shimo la zamani limejaa maji. Kwa hiyo mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna kushuka mpaka ameangalia udongo wake.

MDOGO: Hili la udongo ngoja nilieleze mimi, maana nilikwenda naye likizo. Akiona ufa karibu na mdomo wa duara, anachukua udongo mbichi, anaupaka juu ya ufa, anaukandamiza kwa dole gumba. Anaandika tarehe kwenye daftari. Kesho yake anarudi. Udongo ukiwa mzima, ardhi imetulia. Ukipasuka pale ufa ulipo, ardhi inatembea.

DADA: Na udongo huo ndio uliomfukuzisha kazi.

MDOGO: Tajiri mmoja, simtaji. Udongo ulipasuka, baba akakataa watu wasishuke. Akafukuzwa mbele ya vijana aliokuwa anawalinda. Akarudi juu ya lori, enzi hizo barabara ya Chunya haina lami, vumbi mpaka kwenye kope. Mama akaongeza ndoo mbili za maandazi, tukaishi.

DADA: Na lile duara?

MDOGO: Halikubomoka. Mwaka ule wala uliofuata. Nilikuwa na umri wa kujibizana, nikamwambia, baba, si ulikosea? Akasema, "Udongo ulipasuka. Ningewaambiaje watoto wa watu kwamba haujapasuka?"

DADA: Kwenye mazishi nilihesabu malori matatu kutoka Makongolosi. Wanaume wazima wanalia. Ndugu zake walishuka na treni, wakatuomba tumrudishe Mufulira. Mama akasema hapana, na wakamwelewa.

MDOGO: Dada, ule wa hapa jikoni unaukumbuka? Lile tetemeko?

DADA: Nyuma ya kabati. Ukuta ulipata ufa mwembamba, kama unywele. Baba akatoka nje, akarudi na udongo kiganjani.

MDOGO: Mafundi wa rangi walikuja wiki iliyopita, mama akawazuia wasiguse pale. Ngoja nisogeze kabati... subirini kidogo.

DADA: Mnasikia, anasukuma.

MDOGO: Upo. Alama ya dole gumba inaonekana kabisa, hata mistari ya ngozi.

MAMA (kwa mbali): Umepasuka?

MDOGO: Haujapasuka, mama.