Kuyeyusha mwamba bila moto: magma ya bamba linalozama, kwa barafu na maharagwe

Karibuni. Leo tunaonyesha inavyozaliwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ya volkano za Andes na Japani, hapa mezani Kampala, na jiko hatuliwashi.

Ponda barafu, pima gramu 200 kila bilauri. Huo ndio mwamba wa mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Ikaushe kwa kitambaa kwanza. Tafadhali ikaushe! Ikiwa imeloa, bilauri zote mbili zitachuruzika na hutakuwa na tofauti ya kuonyesha.

Bilauri ya kwanza iache. Ya pili, nyunyiza chumvi ya mezani gramu 60, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukiimwaga yote inaganda chini. Usitumie chumvi ya Ziwa Katwe: ina magadi na salfeti, vipimo vitayumba.

Kamera, sogea hapa. Nje ya bilauri pameshika jalidi, kipimajoto kimepita -10, na bado barafu inayeyuka! Chumvi hapa ni maji kule chini. Bamba, yaani kipande kikubwa cha tabaka la nje la dunia chenye sakafu ya bahari, linazama na madini yaliyoshika maji. Kwenye kina cha kilomita 100 hivi maji yanakamuliwa, yanapanda kwenye mantili. Peridotaiti, ndio huo mwamba wa mantili, ikiwa kavu pale inahitaji zaidi ya nyuzi 1,400 kuyeyuka. Ikipata maji, huanza karibu na 1,000.

Kwa hiyo usiandike kwamba bamba ndilo lililoyeyuka. Kwa kawaida bamba ni baridi mno, linatoa maji tu. Na wanafunzi wangu wa S.3, Muhabura ya Kisoro msiitolee mfano hapa: ile ni ya Bonde la Ufa, si ya bamba linalozama.

Sasa magma inavyobadilika. Sahani moja: punje 50 za mahindi, ndizo silika, ile iliyo kwenye mchanga mweupe na kioo; maharagwe 50, ndiyo kila kitu kingine kwenye magma. Hiyo ni basalti, magma yenye silika kidogo. Ikipoa, fuwele za madini ya olivini, amfiboli na magnetaiti zinajitenga, na kwa jumla zina silika kidogo. Toa fungu la mahindi 4 na maharagwe 6. Msitoe nusu kwa nusu, hakuna kitakachobadilika. Mahindi manne, maharagwe sita. Mara tano.

Hesabu: mahindi 30, maharagwe 20. Silika asilimia 60: sasa ni magma ya aina ya andesaiti. Toa fungu la sita: 26 na 14, asilimia 65. Hiyo ni dasaiti, aina ya magma iliyolipuka kwenye volkano ya Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991. Imekuwa nzito kama uji wa ulezi, na maji, ambayo fuwele nyingi haziyapokei, yamejilimbikiza humo humo. Ikikaribia juu shinikizo linapungua, maji yanageuka mapovu, mapovu yanakosa njia ya kutoka, na mlima unapasuka.