Swala Tomi na Wana wa Thom

Mabibi na mabwana, nianze na mkia. Ukifika Serengeti au Maasai Mara utamwona mnyama mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, kama mtu kampitisha brashi ya rangi mara moja akaondoka, na mkia mweusi usiotulia hata dakika. Huyo ni swala tomi. Usimchanganye na swala granti. Mtazame nyuma: weupe wa matakoni mwa granti hupanda juu ya mkia, wa tomi huishia chini yake.

Tomi mwenyewe ni nani? Joseph Thomson, Mskoti wa kijiji cha Penpont, mtoto wa mchonga mawe. Jina la Thomson maana yake mwana wa Thom, kama sisi tusemavyo bin Ali, na wana wa Thom ni wengi mno, wala si lazima wawe ndugu. Kiswahili kimemkata mwana kikambakiza baba.

Mwaka 1879, katika msafara wa kuipeleleza bara, kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho, upande wa Rufiji, na kijana huyu wa miaka 21 akaachiwa msafara mzima. Mimi humtaja Chuma kwanza. Ndiye aliyekuwa nyapara, mtu aliyekwisha kusaidia kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani; njia na wapagazi alivijua yeye.

Mwaka 1883 Thomson alitoka Mombasa akapita nchi ya Wamaasai. Kwenye mto Ewaso Narok akakuta maji yakianguka mita 74 hivi, akayapa jina la Thomson kumuenzi baba yake. Mji uliokua hapo umerudia jina la Nyahururu, ila maporomoko bado yanaitwa hivyo. Mwaka uliofuata wataalamu wa wanyama wakambandika swala jina lake pia.

Sasa mwingine, Robert William Thomson wa Stonehaven. Mwaka 1845, akiwa na miaka 23, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya tairi la upepo: ndani mpira wa kujazwa hewa, nje ganda la ngozi, kwa ajili ya magari ya farasi. Halikupata soko. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, Dunlop, akalibuni upya kwa baiskeli, na ndilo jina tulilolikuta kwenye matairi. Kwangu hilo ni dhuluma: swala hakutengenezwa na Thomson yeyote, tairi lilitengenezwa.

J. J. Thomson, aliyegundua elektroni, nampita, alizaliwa Manchester, nje ya Uskoti. Nimalizie na William Thomson, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, miaka 53 na kutupa kipimo cha joto kinachoanzia sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Alipopewa ubaroni mwaka 1892 alichukua jina la mto unaopita karibu na chuo chake: Kelvin. Kwa hiyo Joseph aliyaachia maporomoko yetu jina la ukoo, na William akaazima la mto wao.

Karibuni maswali.