Lugha Anayoweweseka Nayo: Wazee wa Kichina na Nyumba Zao Toronto

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, asanteni kwa kuja na baridi hii. Mmeniomba nizungumzie nyumba za kutunzia wazee, na wengi mnajua uhudumu wa wazee ndiyo kazi yangu. Nitasema habari za Wachina wa Toronto, maana wameshapita njia ambayo sisi Waswahili wa hapa ndiyo kwanza tunaikanyaga.

Nianze na bibi mmoja. Nilipoanza kazi nilikuwa kwenye nyumba ya watu mchanganyiko, na ghorofa nzima Mchina alikuwa yeye peke yake. Kila mlo aliwekewa glasi ya maji yenye barafu. Hanywi. Tukaandika kwenye faili: anakataa vinywaji. Midomo ikampasuka. Jumapili moja binti yake akaja na chupa ya chai, akammiminia maji ya moto matupu, na mama akanywa vikombe vitatu mfululizo. Wachina wengi wa umri wake wanaona maji ya barafu yanamdhuru mzee. Ni jambo dogo kabisa hilo, lakini zamu zote tatu hakukuwa na mtu mwenye neno hata moja la kumuuliza.

Zamani alijua Kiingereza cha kuuzia dukani. Ugonjwa wa kusahau ukamnyang'anya. Mara nyingi huwa hivyo: lugha ya ukubwani hutangulia kuondoka, ya utotoni ikabaki. Kwa hiyo mtu aliyeishi hapa miaka arobaini anaamka asubuhi moja akiwa mgeni upya, tena sasa hawezi hata kusema wapi panamuuma.

Wachina hawakufika kwenye nyumba zao kwa sababu ni matajiri. Wazee wetu mnaikumbuka kodi ya kichwa ya mkoloni. Kanada nayo iliwatoza Wachina waliokuwa wakiingia nchini kodi ya kichwa, wao peke yao: dola 50 mwaka 1885, ikapanda mpaka 500 mwaka 1903. Mwaka 1923 mlango ukafungwa karibu kabisa, hadi 1947. Wanaume walikuwa wameshaingia, wake na watoto wamebaki vijijini Guangdong, kusini mwa China. Wengi walizeeka hivyo, peke yao, kwenye vyumba vya kupanga. Mtoto wa kumtunza baba yuko ng'ambo ya bahari. Hapo mila ya kumheshimu mzazi itatimizwa na nani?

Jumuiya ikajibu. Mon Sheong, taasisi ya hisani ya Wachina wa hapa, ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1975 ikafungua nyumba ya wazee mtaa wa D'Arcy, hapo hapo kwenye mitaa ya Wachina. Baadaye daktari mmoja mzaliwa wa Hong Kong, Joseph Wong, akaongoza harakati za kujenga nyumba nyingine za wazee, Yee Hong. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Scarborough, mashariki mwa Toronto, mwaka 1994 kikiwa na vitanda 90. Baadaye vikawa vituo vinne, vitanda 805.

Hesabu yake iko hivi, na nawaomba mnisikilize vizuri hapa. Serikali ya Ontario, jimbo letu hili, inalipia uuguzi. Mzee analipia chumba na chakula kwa bei iliyopangwa, na asiye na uwezo anapunguziwa kwenye chumba cha kawaida. Lakini mchango wa kujenga, na vile vitu vinavyoigeuza nyumba iwe ya kwao, unatoka mifukoni mwa watu. Yee Hong wana karamu yao kubwa ya kuchangisha, Dragon Ball, karibu na mwaka mpya wa Kichina. Sisi tunachangia harusi na misiba vizuri sana. Kitanda cha mzee bado hatujakifungulia daftari.

Kosa letu jingine ni kudhani "Wachina" ni lugha moja. Wahamiaji wa mwanzo wengi walitoka Taishan, huko huko Guangdong, na lahaja yao hata msemaji wa Kimandarini haielewi. Kikaja Kikantoni cha Hong Kong, kisha Kimandarini chenyewe. Kuajiri "mtu anayejua Kichina" hakutoshi.

Foleni sasa. Kupata nafasi kwenye nyumba hizi kunachukua miaka. Na tangu sheria ya mwaka 2022, mgonjwa ambaye hospitali inasema amemaliza matibabu anaweza kupelekwa nyumba ambayo hakuichagua, hadi kilomita 70 huku kusini mwa Ontario na 150 kaskazini. Akikataa kuondoka, anatozwa dola 400 kwa siku. Mimi nimeona maji ya barafu yalivyofanya ndani ya jiji lenyewe. Kilomita 70 zinanitisha.

Mama yangu anaishi nami sasa. Tunaongea Kiswahili, na mkimsikia mtasema ndiyo lugha yake. Lakini mwezi uliopita homa ilipompanda usiku, aliweweseka kwa Kinyakyusa mpaka alfajiri, na mimi nilielewa nusu tu.

Nimeweka daftari mezani pale mlangoni. Mkitoka, andikeni umri wa mzee wenu na lugha anayoweweseka nayo. Msiandike Kiswahili kabla hamjamsikiliza usiku.