Majina ya Magonjwa na Vinywa Vilivyoyatamka Kwanza

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunachambua majina ya magonjwa ambayo wengi wetu huyasikia kwa daktari na kudhani kwamba yote yametoka katika Kilatini au Kigiriki, ilhali baadhi yake yalitamkwa kwanza vijijini Afrika. Kaka Baraka, naomba tuanze na chikungunya.

BARAKA: Ahsante, dada Zuhura. Chikungunya ni neno la Kimakonde. Mwaka 1952 hadi 1953 kulizuka homa katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Msumbiji, na wagonjwa walishikwa na maumivu ya viungo makali kiasi cha kushindwa kusimama wima. Wenyeji waliutaja ugonjwa huo kwa kitenzi chao cha kungunyala, yaani kupinda au kukunjamana, na madaktari walioandika habari zake mwaka 1955 wakalichukua jina hilo kama walivyolikuta.

ZUHURA: Mimi niliwahi kusoma kwamba ni neno la Kiswahili.

BARAKA: Kosa hilo limerudiwa katika maandishi mengi, na sikio la Mswahili hudanganyika kwa urahisi kwa sababu tuna kukunja na kukunjamana. Hata hivyo, hakuna Mswahili anayesema kungunyala, kwa hiyo Wamakonde wasinyang'anywe neno lao. Jambo linalonivutia zaidi lilitokea miaka michache baadaye. Mwaka 1959 homa nyingine ya viungo ilizuka kaskazini mwa Uganda, na Waacholi wakaiita o'nyong'nyong, jina linaloelezea kulegea kwa viungo. Kimakonde ni lugha ya Kibantu na Kiacholi ni ya Kiniloti, ila watu wa pande zote mbili waliangalia mahali pamoja katika mwili wa mgonjwa. Maabara nazo zilionyesha kwamba virusi vya homa hizo mbili ni ndugu wa karibu.

ZUHURA: Basi wanakijiji walikuwa wameukaribia ukweli kabla ya darubini. Je, wenye darubini wenyewe walifanya vizuri kiasi hicho?

BARAKA: Si mara zote. Malaria ni maneno mawili ya Kiitaliano, mala aria, yenye maana ya hewa mbaya, kwa kuwa iliaminika kwamba homa hiyo huletwa na mvuke unaotoka katika vinamasi. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vimelea katika damu ya mgonjwa, na mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta ndani ya mbu. Hewa ikaondolewa hatiani, lakini jina likabaki. Kwa maoni yangu, jina linalotaja kile kinachoonekana huzeeka vizuri kuliko jina linalojaribu kutaja chanzo.

ZUHURA: Hapo nitakupinga kidogo kwa kutumia kwashakoo. Neno hilo ni la lugha ya Ga, huko Ghana, na lilitiwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1935 na daktari Cicely Williams. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Kina mama hawakutaja uvimbe wa miguu wala nywele kubadilika rangi. Walitaja chanzo, kwamba mtoto ameachishwa ziwa na chakula anachopewa badala yake hakimtoshi.

BARAKA: Nakubali, hapo umenishinda. Pengine ni kwa sababu chanzo chenyewe kilikuwa mbele ya macho yao kila siku.

ZUHURA: Na chanjo je?

BARAKA: Waingereza na Wafaransa huita chanjo kwa neno lililotokana na vacca, ng'ombe kwa Kilatini, kwa kuwa mwaka 1796 Edward Jenner alimkinga mtoto dhidi ya ndui kwa kutumia usaha wa ndui ya ng'ombe. Kiswahili hakikumjali ng'ombe hata kidogo. Kilikumbuka wembe, maana kuchanja ni kutia chale.

ZUHURA: Tumalizie kwa selimundu, ambalo nalipenda kuliko yote.

BARAKA: Mwaka 1910 James Herrick, daktari wa Chicago, alichapisha maelezo ya mgonjwa ambaye seli zake nyekundu za damu zilikuwa ndefu na zilizopinda kama mundu. Kiswahili kiliunganisha maneno hayo mawili, seli na mundu, na mtu yeyote aliyewahi kukata majani anaiona picha hiyo bila kueleza zaidi.

ZUHURA: Picha hiyo inaeleza pia maumivu yake?

BARAKA: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Seli ya kawaida ni ya mviringo na ni laini, hivyo hujibana na kuteleza hata katika mishipa myembamba kabisa. Ile iliyopinda ni ngumu. Hukwama, nyingine zikarundikana nyuma yake, na sehemu ya mwili iliyokosa damu ndiyo inayouma.