Assia Djebar: Kamera Ndani ya Riwaya

Mabibi na mabwana, shikamooni wakubwa zangu; vijana, karibuni.

Mwaka 1967 Assia Djebar, mwandishi wa kike wa Algeria, alitoa riwaya yake ya nne. Hadithi nyingine hakuchapisha mpaka 1980. Wengi huiita miaka hiyo kimya chake. Mimi siafiki hata kidogo, maana ndiyo miaka aliyojifunza kusikiliza.

Alirudi kwao Cherchell, akapanda mlima Chenoua kwenye ukoo wa mama yake. Akakaa na wanawake wa vijijini walioionja vita ya ukombozi dhidi ya Ufaransa kwa miili yao: waliowalisha wapiganaji, wakawaficha, wakafiwa na kaka na wana. Akarekodi masimulizi yao kwa ajili ya filamu ya televisheni ya Algeria, *La Nouba des femmes du mont Chenoua*. Riwaya zake aliziandika kwa Kifaransa. Huku mlimani kazi ilikwenda kwa Kiarabu cha nyumbani, kile wanachozungumza wanawake wakiwa peke yao.

Tazameni alivyoijenga filamu hiyo. Wanawake ni wa kweli na maneno ni yao, lakini anayezunguka kuwasikiliza ni Lila, mhusika wa kubuni. Wapo wanaodai kwamba filamu ya hali halisi huchafuka ukiitia ubunifu. Naona kinyume chake: bila Lila tungepata ushahidi tu, tusimwone mtu anayebadilika kwa kuusikia. Mwaka 1979 filamu hiyo ilipata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la filamu la Venice.

Halafu ikaja riwaya ya *L'Amour, la fantasia*, 1985. Sehemu yake ya tatu imejaa sauti za wanawake wa vita, zikipokezana na maisha ya mwandishi mwenyewe. Hapo utaona mkono wa mhariri wa filamu: anakata, anaunganisha, anamwachia msemaji nafasi amalize.

Ndiyo maana nawasihi, vijana mnaorekodi wazee: tunzeni kanda zote, hata zisizoingia kwenye filamu. *La Nouba* aliitabaruku kwa Zoulikha, shujaa wa Cherchell aliyekamatwa na jeshi la Ufaransa akauawa. Kisa chake kilingoja hadi 2002 kikawa riwaya kamili, *La Femme sans sépulture*. Ndani yake mabinti wa Zoulikha wanasimulia, na mgeni anayewasikiliza ni mwanamke aliyefika mjini kutengeneza filamu.