Gogo Porini Halina Bei: J. R. Booth, Mbao na Reli

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura, niko Ottawa, Kanada, na huku theluji imeanza kushika. Mwenzangu yuko Mafinga, Tanzania. Kaka Fadhili, habari za huko?

FADHILI: Njema, dada Zuhura. Baridi ipo, na dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, zinalia tangu alfajiri. Huo mngurumo mnaousikia nyuma yangu ni mashine ya mbao ya jirani.

ZUHURA: Leo uache ulie tu, maana tunamzungumzia mtu aliyeishi na mngurumo huo umri wake mzima. John Rudolphus Booth. Alizaliwa 1827 katika familia ya wakulima huko Quebec, akafariki 1925. Huku wanamwita J. R. Booth. Alikuwa na viwanda vya kupasulia mbao, halafu akajenga reli yake mwenyewe kutoka Maziwa Makuu ya huku hadi mpakani mwa Marekani.

FADHILI: Reli ya mtu binafsi?

ZUHURA: Yake. Ruzuku ya serikali ilikuwepo, hilo tuliseme mapema, lakini mwenye reli alikuwa yeye.

FADHILI: Alianza na mtaji gani?

ZUHURA: Mikono. Alipofika miaka ishirini na moja hivi aliacha shamba la baba yake, akaenda Vermont, Marekani, kuwa fundi seremala kwenye kampuni ya reli, akijenga madaraja. Hapo naomba msikilizaji apatie alama: kabla hajawa mtu wa mbao, alikuwa ameshajifunza jinsi treni inavyovuka mto. Kisha miaka ya 1850 mwanzoni akaja huku, mji ukiitwa bado Bytown. Inasimuliwa alikuwa na dola tisa mfukoni. Akafungua kikarakana cha kupasua vigae vya mbao vya kuezekea, kikaungua. Akaanza upya.

FADHILI: Moto na mbao ni ndugu. Hapa kwetu mtu akiwasha kiberiti karibu na maranda, atafukuzwa kama mwizi.

ZUHURA: Tutarudi kwenye moto. Kwanza niwaelezee mahali penyewe, kwa sababu napapita kila wiki. Katikati ya mji kuna maporomoko ya Chaudière, jina la Kifaransa, maana yake chungu. Maji yanazunguka na kutoa povu kama chungu kilichofunikwa vibaya. Watu wa Algonquin, wenyeji wa bonde hili, walikuwa wakipaheshimu kama mahali patakatifu, wakitoa sadaka ya tumbaku pale. Wafanyabiashara walipoyaona maji yale, waliona nguvu ya kuzungusha misumeno. Booth akaweka kiwanda chake hapo.

FADHILI: Na soko?

ZUHURA: Soko likaja lenyewe. Mwaka 1859 ujenzi wa majengo ya Bunge ulianza juu ya kilima, karibu kabisa na maporomoko, na Booth akashinda zabuni ya kupeleka mbao. Faida hiyo hakuila. Mwaka 1867 kulikuwa na mnada wa vitalu vya msitu vya tajiri aliyekwishafariki, John Egan, kwenye mto Madawaska. Booth akapanda dau hadi dola 45,000. Watu walimshangaa. Miaka ikapita, akaja mtu kumpa zaidi ya milioni moja kwa vitalu vilevile, akakataa.

FADHILI: Alikuwa anajua kuhesabu miti, huyo. Marehemu baba yangu alikuwa akiingia shambani kwa mtu, anatembea kati ya mipaini, anagusa shina moja moja, hasemi kitu. Akitoka anakwambia hapa kuna lori ngapi. Lakini kila mara alikuwa anamalizia hivi: "Gogo porini halina bei. Bei iko barabarani." Kama lori halifiki, hata upewe mti bure umepata hasara.

ZUHURA: Kaka, hiyo ndiyo habari yote ya Booth! Barabara yao ya kwanza ilikuwa mto. Majira ya baridi wanakata misonobari, farasi wanayavuta magogo kwa sleji juu ya barafu hadi ukingoni. Barafu ikiyeyuka, magogo yanaachiwa yaelee, na vijana wenye kulabu ndefu wanayafuata, wanarukaruka juu yake kuyaachanisha yakikwama. Wengi walizama. Na kwa kuwa magogo ya matajiri wengi yalichanganyika majini, kila mmoja alikuwa na nyundo yenye alama yake ya kugonga kwenye ncha za gogo.

FADHILI: Huku nyundo wanayo watu wa misitu. Gogo lisilogongwa ukikamatwa nalo njiani, una kesi.

ZUHURA: Sasa sikiliza. Booth alipata vitalu karibu na ziwa Nipissing. Misonobari mikubwa, lakini kuna tatizo: maji ya Nipissing yanateremka kwenda magharibi, na misumeno yake iko mashariki, Ottawa. Ukiyatia magogo majini yanakwenda kwa wenzako.

FADHILI: Akafanyaje?

ZUHURA: Kati ya Nipissing na ziwa dogo liitwalo Nosbonsing kuna mwinuko. Upande wa pili wa mwinuko, maji yanashuka kwenda mto Mattawa, na Mattawa inaingia mto Ottawa. Basi miaka ya 1880 akajenga reli fupi, kama kilomita tisa tu, kwa ajili ya magogo peke yake. Gogo linavutwa kutoka ziwa la kwanza likichuruzika maji, linapakiwa kwenye behewa, linapandishwa, linateremshwa, linamwagwa ziwa la pili. Kutoka hapo linaelea mamia ya kilomita hadi kwenye msumeno wake.

FADHILI: Ameuhamisha mto!

ZUHURA: Kwa kilomita tisa. Mimi kila nikieleza habari zake naanzia hapo, hata kuliko ile reli kubwa.

FADHILI: Haya, hiyo kubwa nayo.

ZUHURA: Kupasua mbao ni jambo moja, kuzifikisha kwa mnunuzi Marekani ni jingine. Mwaka 1879 yeye na wenzake wakaunda kampuni ya Canada Atlantic Railway. Mwaka 1882 reli ikafika kutoka Coteau, ukingoni mwa mto St. Lawrence, hadi Ottawa. Pale Coteau mabehewa yalikuwa yakivushwa kwa kivuko, na wewe fikiria kivuko wakati mto umejaa barafu. Daraja likakamilika 1890. Ukipanda leo treni ya abiria kutoka Ottawa kwenda Montreal, sehemu kubwa unapita njia hiyohiyo.

FADHILI: Fundi wa madaraja wa Vermont.

ZUHURA: Umeona! Kisha akageukia magharibi, akapasua msitu hadi ghuba ya Georgian kwenye ziwa Huron. Ilikamilika mwishoni mwa 1896. Ilipita ndani ya hifadhi ya Algonquin, iliyokuwa imetengwa 1893, miaka mitatu tu kabla.

FADHILI: 1896 ndiyo waliyoanza reli ya Mombasa kwenda ziwa Victoria. Ile ilikuwa ya serikali ya Uingereza, na vibarua maelfu kwa maelfu kutoka India. Huku kwenu mzee mmoja wa mbao.

ZUHURA: Naye alikuwa karibu miaka sabini. Treni zake zilishusha mbao na kuleta nafaka. Meli zilitoka Chicago na bandari nyingine za maziwa, zinashusha ngano kwenye maghala yake, treni inaibeba moja kwa moja kwenda mashariki. Mwaka 1904 akakubali kuiuzia reli kampuni ya Grand Trunk, kwa dola milioni 14 hivi.

FADHILI: Dada, nikuulize kitu kinachonikaa kooni. Hao waliokuwa wanashika msumeno walipata nini? Nimelelewa na mtu aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine. Habari za tajiri wa mbao siwezi kuzisikiliza bila kuwaza mikono.

ZUHURA: Septemba 1891 waligoma. Watu zaidi ya 2,000 wa viwanda vya Chaudière, cha Booth kikiwemo. Wenye viwanda walikuwa wamekata mishahara, na kazi ilikuwa inazidi saa kumi kwa siku. Walitaka mshahara wao urudi na siku iwe ya saa kumi. Wanajeshi wa akiba wakaitwa. Mgomo ulidumu wiki kadhaa, familia zikilishwa kwa michango. Saa kumi walikuja kuzipata miaka michache baadaye.

FADHILI: Kwa hiyo hawakuzipewa, walizipigania.

ZUHURA: Ndivyo. Na ule moto: Aprili 26, 1900. Ulianzia kwenye bomba la moshi la nyumba moja huko Hull, ng'ambo ya mto. Upepo mkali. Kingo zote mbili zilijaa mirundo ya mbao mikavu, mirefu kama nyumba, na moto ukaruka mto. Watu saba walikufa, na kama 15,000 wakakosa makazi. Wengi walikuwa familia za wafanyakazi, waliokuwa wanaishi kwenye nyumba za mbao katikati ya mbao za tajiri. Hilo limenikaa moyoni, kwa sababu mtaa wenyewe naujua.

FADHILI: Poleni sana. Na huko mwisho wa reli, kwenye ghuba?

ZUHURA: Mji wa Parry Sound ulidhani reli itaishia kwao. Bei ya ardhi ikapanda, Booth akageuza njia, akaenda kisiwani, Parry Island. Kile kisiwa ni cha watu wa Wasauksing, wenyeji wa asili. Sheria za wakati ule zilimruhusu mwenye reli kuchukua ardhi yao, naye akaichukua. Akajenga Depot Harbour: bandari, nyumba, maghala.

FADHILI: Wenyewe walikubali?

ZUHURA: Waliipinga. Haikuwasaidia.

FADHILI: Na leo pakoje?

ZUHURA: Meli na treni ziliacha kwenda. Agosti 1945 maghala yakateketea, yalikuwa yamehifadhiwa baruti ya vita. Kilichosimama ni kuta za zege za karakana ya duara ya vichwa vya treni. Paa hakuna. Ndani, pale palipokuwa na reli, imeota miti mirefu kuliko kuta.