Gemu ya dola tatu: imeuza ngapi, na mwenyewe kabaki na nini?

Habari zenu, karibuni tena. Leo naanzia nje ya kompyuta, hapa Wandegeya, Kampala, kwa kaka anayenikaangia rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, karibu kila jioni. Ukimwuliza leo umeuza ngapi, anacheka tu. Lakini hebu tazama chini ya meza yake: trei nne tupu za mayai. Trei moja ni mayai 30, rolex ya kawaida inakula mayai mawili, kwa hiyo ameshauza kama 60 hivi. Wapo wanaotaka mayai matatu na wapo wanaochukua chapati kavu, ila hutakosea kwa mbali. Gemu ndogo kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tunazihesabu hivyo hivyo. Valve, wenye Steam, hawatangazi kila gemu imeuza nakala ngapi, basi sisi tunahesabu trei. Trei zenyewe ni maoni ya wachezaji.

Haya, turudi kwenye skrini. Fungua ukurasa wa gemu unayotaka kuipima. Mimi natumia mfano wa kubuni, wa dola 2.99, nisije nikaanika hesabu za mtu. Teremka mpaka kwenye maoni. Weka lugha zote, kisha pale panapouliza gemu ilipatikana vipi, chagua walionunua Steam kwenyewe. Usiruke hapa. Watengenezaji hugawa misimbo ya kufungulia gemu bure kwa marafiki na kwa watu wa YouTube, na hao nao huandika maoni bila kulipa hata senti. Baada ya kuchuja, mfano wetu unabaki na maoni 140.

Sasa zidisha. Mbinu hii huitwa ya Boxleiter, kwa jina la mtengenezaji wa gemu Mike Boxleiter: maoni mara namba fulani, unapata nakala. Ugomvi wote uko kwenye hiyo namba. Kwa gemu za miaka hii mimi naweka 20 kwa chini, 30 katikati, 50 kwa juu. Gemu iliyotoka kabla ya mwishoni mwa 2019 ipandishie, kwa sababu kuanzia hapo Steam ilianza kuwakumbusha wachezaji waandike maoni, na maoni yakaongezeka bila mauzo kuongezeka.

Gemu ya dola tatu nayo ina tabia yake. Mtu anaiona kwenye punguzo, anainunua kwa kuwa haimuumi, halafu inalala kwenye maktaba yake miaka. Asiyecheza haandiki. Kwa hiyo ukiona imeshushwa bei mara nyingi, sogea kuelekea 50. Lakini kama ni gemu iliyowaudhi watu, au ina kundi dogo la mashabiki wenye maneno, rudi kuelekea 20, maana hapo kila mnunuzi ana la kusema.

Kama unamfahamu mtu aliyewahi kutoa gemu, mwombe namba zake. Yetu sisi ina maoni 38 na nakala 1,330. Gawanya, unapata 35. Namba moja kama hiyo, ya gemu inayofanana na unayoipima, naiamini kuliko ubishi wote wa mitandaoni.

Sasa zile 140 za mfano wetu zizidishe kwa 20, 30 na 50, uandike mistari mitatu ya nakala: 2,800, 4,200, 7,000. Usiandike mmoja, utaanza kuuamini.

Tufike kwenye pesa, ambako mimi mwenyewe nilianguka. Nilichukua nakala nikazidisha kwa bei ya dukani, nikamwahidi mchoraji wetu hela ambayo haikuja. Kwa mfano huu, 4,200 mara 2.99 ni dola 12,558. Tamu sana. Sasa tuimenye.

Bei kwanza. Fungua SteamDB, tovuti inayokusanya takwimu za Steam, tazama historia ya bei: ile mistari inayoshuka ni mapunguzo, na sehemu kubwa ya nakala huuzwa humo. Halafu nchi kama India huwekewa bei ya chini. Nachukua asilimia 60 ya bei, yaani dola 1.80 kwa nakala. Tumebaki na 7,560.

Toa waliorudisha. Steam humrudishia mnunuzi pesa ndani ya siku 14 ikiwa amecheza chini ya saa mbili, na gemu yenyewe ikiwa ya saa moja na nusu, mtu anaweza kuimaliza na bado akadai hela yake. Naweka asilimia 10: 6,804. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iko ndani ya bei kwa wanunuzi wa Ulaya, Ujerumani pekee ni asilimia 19. Kwa jumla natoa tena 10, inabaki kama 6,124. Valve wanakata 30, tunashuka hadi 4,287.

Bado. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya wanunuzi wa kule yanakatwa asilimia 30 nyingine. Nikikadiria theluthi ya wanunuzi wako Marekani, inabaki dola 3,858. Kwa shilingi 3,600 kwa dola ni kama milioni 13.9, kabla ya makato ya benki na kabla ya URA, watoza kodi wa Uganda. Ni chini kidogo ya theluthi ya ile tamu ya mwanzo. Kwa mstari wa chini ni kama milioni 9.3, wa juu milioni 23.

Wenye maoni 9 msikimbie. Nakala kama 270, mkononi labda dola 248. Lakini ulilipa dola 100 kuiingiza gemu Steam, na hizo hurudi mauzo yakifika dola 1,000, ambayo hapa hayajafika. Na salio lisipofika dola 100, hawalitumi, linasubiri.

Nimeacha hesabu yote kwenye skrini. Simamisha video hapa, nakili, kisha badilisha maoni na bei uweke za gemu yako. Mimi kaka ananiita, rolex imeiva.